Kupata Nyumba ya Bei Nafuu na Kazi Kisumu kwa Mgeni Aliyewasili Karibuni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wale wanaoshuka basi Kisumu wakitoka Uganda, Tanzania, Rwanda, Burundi, Kongo au Sudan Kusini, wakiwa na mfuko wa nguo, nambari ya simu ya jamaa mmoja, na pesa za kuwasukuma wiki mbili au tatu. Mimi mwenyewe niliingia kupitia Isebania, kwenye mpaka wa Tanzania, kwa namna hiyo hiyo. Maswali yaliyo hapa ndiyo niliyokuwa nayo wakati ule, pamoja na yale ambayo wageni wenzangu wameniuliza tangu hapo, kwenye vibaraza vya ploti, yaani majengo ya vyumba vingi vya kupanga, na kwenye foleni za ofisi za serikali.

Nianze na nini: karatasi, nyumba au kazi?

Anza na karatasi, kisha tafuta mahali pa kulala kwa muda, kisha kazi, na ukishaijua kazi yako iko wapi ndipo uchague nyumba ya kukaa. Wengi wetu hufanya kinyume: mtu hufika akiwa na shilingi elfu kumi, akaona chumba kizuri cha bei ndogo mbali na mji, akalipa kodi na dipoziti siku ya pili, kisha wiki ya tatu akapata kazi upande mwingine wa mji na kuanza kuugawa mshahara wake kwa makondakta wa matatu.

Fanya hesabu hii kabla ya kulipa. Tuseme chumba cha Mamboleo, pembeni mwa mji, ni shilingi 2,500 na chumba kama hicho cha mtaa wa Manyatta ni shilingi 3,500, na kazi yako iko soko la Kibuye. Ukiwa Manyatta utatembea kwa miguu. Ukiwa Mamboleo, na nauli ikiwa shilingi 50 kwenda na 50 kurudi, kwa siku 26 za kazi utatumia shilingi 2,600, kwa hiyo chumba kile cha 2,500 kinakugharimu 5,100. Nyumba ya bei nafuu ni ile iliyo nafuu baada ya kujumlisha kodi, nauli, maji na umeme, na mtu asiyejua bado atafanya kazi wapi hawezi kuijumlisha hesabu hiyo.

Muhuri wa mpakani unaniruhusu nini hasa?

Raia wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki anapoingia nchi nyingine ya Jumuiya, Itifaki ya Soko la Pamoja, ambayo ilianza kutumika Julai 2010, humpa haki ya kupewa pasi ya kukaa hadi miezi 6. Raia wa Uganda na Rwanda wanaweza kuvuka kwa kitambulisho chao cha taifa, utaratibu ulioanza mwaka 2014, lakini nakushauri kwa moyo wote uje na pasipoti kama unaweza kuipata, kwa sababu laini ya simu, kibali na akaunti ya benki ni rahisi zaidi kwa aliye nayo. Njoo pia na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, maana mpakani huulizwa.

Jambo ambalo halielezwi vya kutosha ni kwamba pasi hiyo ni ya kukaa, si ya kufanya kazi. Mtu anaweza kuwa halali kabisa nchini na bado akawa anafanya kazi kinyume cha sheria. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya Kenya ya mwaka 2011 inaweka adhabu ya faini isiyozidi shilingi 500,000 au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili, kwa makosa ya aina hiyo. Sisemi hayo ili kukutisha. Nayasema kwa sababu wapo waajiri wanaopenda mtu asiye na kibali, wakijua kwamba asipolipwa hatathubutu kwenda kulalamika.

Soma muhuri wako palepale dirishani kabla ya kuondoka, uone umeandikiwa siku ngapi. Pale Busia na Malaba, ambapo maafisa wa Kenya na wa Uganda hufanya kazi kwenye kituo kimoja, watu husukumana na ni rahisi kuchukua pasipoti na kuondoka bila kuifungua. Kama umeandikiwa siku chache kuliko ulizoomba, uliza hapo hapo kwa adabu. Usipite kando ya mpaka kwa bodaboda kwa sababu foleni ni ndefu: asiye na muhuri hana mahali pa kuanzia, na kila ofisi atakayoingia baadaye itamuuliza aliingiaje.

Kibali cha kazi hupatikanaje, na ni nani anayelipa?

Kibali huombwa kwa Idara ya Huduma za Uhamiaji kupitia mtandao wa serikali. Kwa kazi ya kuajiriwa, kibali ni cha daraja D, na mwajiri ndiye anayekusimamia katika maombi kwa barua na mkataba. Kwa mgeni wa kawaida, ada ya daraja hilo ni mamia ya maelfu ya shilingi kwa mwaka, ndiyo maana mwajiri mdogo hawezi kulimudu. Lakini Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana kuondoleana ada za vibali vya kazi, na raia wa nchi nyingine za Jumuiya waulize ofisini ni utaratibu gani unaowahusu kabla ya kumwamini mtu wa mtaani anayewatajia bei.

Kanuni za Soko la Pamoja zinataka mfanyakazi aliyepata kazi ya zaidi ya siku 90 aombe kibali ndani ya siku 15 za kazi tangu siku ya kufunga mkataba. Kwa kazi isiyozidi siku hizo 90 kuna pasi maalumu. Kwa hiyo ukipata mwajiri aliye tayari kuandika mkataba, usisubiri mwezi wa kwanza wa mshahara ndipo uanze kuulizia.

Kisumu ina ofisi ya uhamiaji, na huna haja ya kwenda Nairobi kwa kila swali. Nenda asubuhi na mapema, beba nakala za karatasi zako zote, na usimpe pesa mtu anayekusubiri nje ya lango akidai anamjua afisa aliye ndani. Malipo halali hufanywa kwenye mtandao wa serikali na hutoa risiti.

Kitambulisho cha mgeni ni nini?

Ni kadi ambayo mgeni anayekaa Kenya kwa zaidi ya miezi 3 anatakiwa kuiomba, na mtaani huitwa eliani. Hutolewa kwa mtu ambaye ukaaji wake tayari una msingi, kama vile kibali au hadhi ya ukimbizi. Ukishaipata, mambo mengi hulainika: laini ya simu kwa jina lako, M-Pesa, nambari ya kodi ya mapato, na maneno na mwenye nyumba. Kabla ya hapo pasipoti ndiyo inayokusajilia laini. Usitumie laini iliyosajiliwa kwa jina la rafiki kupokea mshahara, hata kama mnapendana kama ndugu wa toka nitoke. Siku mkigombana, pesa ni zake mbele ya kampuni ya simu.

Mimi nilikimbia vita. Je, majibu haya yananihusu?

Yanakuhusu kwa sehemu ya nyumba na kazi, lakini njia yako ya karatasi ni nyingine. Wewe unaomba hifadhi, na Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021 ndiyo inayokulinda. Jitokeze bila kukawia kwa Idara ya Huduma za Wakimbizi usajiliwe. Mkimbizi aliyetambuliwa anaweza kuomba kibali cha daraja M, ambacho hakilipiwi ada. Wakimbizi walio wengi nchini wako Kakuma na Dadaab, na mkimbizi anayetaka kuishi mjini hutakiwa kupata ruhusa, kwa hiyo usihamie Kisumu kimyakimya ukidhani hati ya kambini inatosha. Kama umepoteza karatasi zote njiani, sema hivyo hivyo ilivyokuwa. Hadithi ya kubuni hukwama kwenye mahojiano ya pili.

Ni mitaa gani ya Kisumu yenye vyumba vya bei nafuu?

Ukiitazama Kisumu kutoka vilima vya Riat utaona mji wa kati umeelekea ziwa, na nyuma yake mitaa ya watu wa kipato kidogo imeuzunguka kama mwezi mchanga: Bandani na Obunga upande mmoja, kisha Manyatta, kisha Nyalenda ikishuka hadi karibu na Dunga. Humo ndimo wengi wetu tunapoanzia. Chumba kimoja cha mabati au cha udongo uliopakwa saruji mara nyingi hupatikana kwa chini ya shilingi 3,000 kwa mwezi, choo na bafu vikiwa vya pamoja. Chumba cha mawe chenye umeme wa tokeni, yaani wa kulipia kabla ya kutumia, hupanda juu ya hapo, na bedsita yenye choo ndani, kama zile za Migosi au Nyamasaria, mara nyingi huanzia shilingi elfu tano au sita na kuendelea.

Manyatta ni karibu na Kondele na Kibuye, kwa hiyo inamfaa anayeuza sokoni au anayefanya kazi usiku, kwa kuwa Kondele hailali. Obunga iko karibu na viwanda. Nyalenda inapakana na Milimani, mtaa wa wenye nacho, na wanawake wengi wanaofua na kusafisha nyumba za Milimani hutoka Nyalenda kwa miguu kila asubuhi. Mitaa ya zamani iliyojengwa na manispaa ina nyumba imara na kodi ya kiasi, lakini wapangaji wake hukaa miaka mingi na chumba kikiachwa huchukuliwa kabla hakijatangazwa.

Wapo wanaouliza kuhusu nyumba za mpango wa serikali wa makazi nafuu. Nyumba hizo kwa kawaida hununuliwa kwa malipo ya muda mrefu, na usajili wake huanza na nambari ya kitambulisho, kwa hiyo hazitatui haja ya mtu anayetafuta pa kulala wiki hii. Yeyote anayekuomba pesa ili "akushikie" nyumba ya serikali anakudanganya.

Nikionyeshwa chumba, nikague nini?

Kagua mchana, na ukiweza urudi usiku. Jambo la kwanza Kisumu ni maji ya mafuriko. Mto Auji hupita Manyatta na Nyalenda, na mvua za Machi hadi Mei zikija hutoka kwenye kingo zake na kuingia vyumbani. Mwaka 2020 na tena 2024 ziwa lenyewe lilipanda na watu wa kandokando walihama. Chuchumaa ukutani, sogeza kitanda au kabati kama limo, na utazame sentimita thelathini za chini. Utaona mstari, wakati mwingine wa kahawia, wakati mwingine rangi mpya iliyopakwa chini tu huku juu ikiwa ya zamani. Pitisha kiganja. Ukuta ulioloweka msimu uliopita huacha chumvi nyeupe kama unga kwenye vidole hata kukiwa kiangazi. Mimi nilikaa kwenye chumba cha namna hiyo msimu mmoja wa masika, nikilala juu ya meza na unga wangu nimeutundika kwenye msumari, kwa sababu tu nilikagua dari nikasahau sakafu.

Pili, uliza maji ya kunywa yanatoka wapi. Katika Nyalenda na mitaa kama hiyo, maji ya kampuni ya mji huuzwa kwenye vioski kwa mtungi. Hesabu mitungi mingapi utatumia kwa siku na utembee mwenyewe kutoka chumbani hadi kioskini. Tatu, uliza mita ya umeme ni ya chumba kimoja au ya ploti nzima, kwa kuwa penye mita moja mwenye pasi ya umeme na mwenye taa moja hulipa sawa, na ugomvi hauishi. Nne, hesabu milango na vyoo. Ploti ya vyumba kumi na viwili yenye choo kimoja ni ploti ya foleni.

Zungumza na jirani wakati keateka, yaani msimamizi wa ploti, hayupo. Muulize jambo moja tu: mpangaji aliyetoka aliondoka kwa nini.

Nilipe nini kabla ya kuingia, na kwa nani?

Desturi ni kodi ya mwezi mmoja na dipoziti ya mwezi mmoja. Kwenye vyumba vya chini kabisa dipoziti mara nyingi haidaiwi, au hukubaliwa nusu nusu ukiomba vizuri. Usilipe kodi ya miezi mitatu ili upunguziwe, kwa sababu mwezi wa kwanza hujui bado kama utabaki.

Lipa kwa mwenye nyumba au keateka ambaye umemwona akifungua milango ya wapangaji wengine, tena kwa M-Pesa ili jina litokee, kisha uombe risiti yenye nambari ya chumba. Dalali analipwa baada ya wewe kupewa ufunguo, si kabla. Wiki yangu ya kwanza, mtu mmoja aliyejitambulisha kuwa wakala alinionyesha chumba kizuri karibu na Kondele, akachukua dipoziti, akaniambia nirudi Jumamosi na mizigo. Jumamosi tulikutana watu watatu mlangoni, kila mmoja na godoro lake, na mwenye chumba ndani akipika chai. Simu ya wakala haikupatikana tena. Yule mwenye chumba alitukaribisha chai, akatueleza kwamba alikuwa amempa yule mtu ufunguo siku moja tu ili amtafutie mpangaji mwenza.

Mwenye nyumba anasema hapangishi mtu asiye na kitambulisho cha Kenya. Nifanyeje?

Mara nyingi hofu yake si wewe bali ni polisi na chifu. Mpunguzie hofu hiyo. Nenda na pasipoti yenye muhuri, mpe nakala, na uende naye au na jirani mwenyeji kwa mzee wa mtaa ujitambulishe. Chini ya utaratibu wa Nyumba Kumi, mzee anatakiwa kuwajua wanaokaa eneo lake, na mgeni aliyejitokeza mwenyewe hupata shahidi badala ya mshtaki. Ofisi ya naibu wa chifu nayo si ya kuogopa kwa mtu ambaye karatasi zake ziko sawa, na jina lako likishajulikana hapo, siku ya msako utakuwa na mtu wa kusema anakufahamu.

Ni kazi gani zinazopatikana upesi?

Kazi ya mjengo ndiyo mlango wa kwanza kwa vijana wengi. Mtu wa mkono, yule anayechanganya saruji na kubeba mawe, hulipwa kwa siku, na nilizozisikia mara nyingi Kisumu ni kati ya shilingi 500 na 700. Nenda saa kumi na mbili asubuhi, ukiwa na viatu vya kufunika vidole, na umtafute msimamizi wa mafundi badala ya mlinzi. Ukiwa na ufundi, useme ufundi wako mapema. Niliona mwashi hodari kutoka Mbale akibeba maji miezi miwili kwa sababu hakuna aliyemuuliza naye hakusema.

Upande wa ziwa kuna kazi za Dunga na Usoma, lakini kila ufuo una kamati yake ya usimamizi, na asiyejulikana na kamati hapandi mtumbwi. Kazi zinazozunguka samaki ni nyingi kuliko uvuvi wenyewe: kuparua, kukausha omena (dagaa), kubeba barafu, kukaanga. Obunga inajulikana kwa mgongo wazi, yaani mifupa ya mbuta (sangara) inayobaki baada ya viwanda kukata minofu. Wanawake huinunua, huianika, kisha huitumbukiza kwenye sufuria pana la mafuta mpaka vipande vya nyama vilivyosalia kati ya mbavu viwe vyekundu, na kuiuza kwa familia zisizomudu samaki mzima. Mgeni anayeanza kwa kuwasaidia hao, kupasua kuni na kusimamia moto, hujifunza biashara nzima kwa mwezi mmoja, hata kama moshi unaumiza macho kweli.

Mji pia una nafasi kwa msusi, kinyozi, fundi cherehani wa vitenge, mpishi wa chapati na seremala, hasa pale Kibuye ambako samani hutengenezwa na kuuzwa mahali pamoja. Ukitaka kushika chakula cha watu hotelini, utadaiwa cheti cha uchunguzi wa afya kinachofanywa upya kila miezi 6. Bodaboda huwavutia wengi, na jina lenyewe lilizaliwa hapa jirani, Busia, kwa wale waliokuwa wakivusha watu kutoka mpaka hadi mpaka kwa baiskeli. Lakini bila leseni usiikaribie, maana ajali moja huchukua akiba yote.

Ukitafuta mashambani, mashamba ya mpunga ya Ahero na ya miwa ya Muhoroni na Chemelil huhitaji vibarua kwa msimu. Kodi huko ni ndogo kuliko mjini, ila kazi hukatika msimu ukiisha.

Mshahara wa halali ni kiasi gani, na ni makato gani nitakayoyaona?

Kwa agizo la mishahara lililoanza Novemba 2024, kima cha chini kwa kibarua wa kawaida katika miji ya Nairobi, Mombasa na Kisumu kiliwekwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi, bila posho ya nyumba. Mashambani kiwango ni kidogo kuliko hapo. Ukweli ni kwamba wengi mitaani hulipwa chini ya sheria, nawe utakutana na hilo, lakini ni vizuri uijue namba hiyo unapojadiliana.

Ukiajiriwa rasmi, chukua mfano wa mshahara wa jumla wa shilingi 16,000, namba ya kurahisisha hesabu tu. Bima ya afya ya jamii ni asilimia 2.75, yaani shilingi 440. Tozo ya makazi nafuu ni asilimia 1.5, yaani 240. Mfuko wa hifadhi ya jamii ni asilimia 6, yaani 960. Utapokea shilingi 14,360. Mwajiri naye anatakiwa kuongeza tozo ya makazi na mchango wa mfuko kwa kiwango kile kile kutoka mfukoni mwake. Akikukata lakini hakupi hati ya mshahara inayoonyesha makato hayo, uliza yanakwenda wapi.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema pia kwamba kibarua anayefanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja huhesabiwa kuwa mwajiriwa wa mwezi, na mkataba wa miezi 3 au zaidi uandikwe. Ina maana mwajiri hawezi kukuita kibarua wa siku mwaka mzima ili asikupe siku ya mapumziko wala likizo.

Nimeahidiwa kazi na wakala anayetaka pesa za usajili na pasipoti yangu. Ni sawa?

Hapana. Mawakala wa ajira husajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na usajili huo unaweza kuulizwa. Hakuna mwajiri wala wakala mwenye haki ya kukaa na pasipoti yako. Mpe nakala, ubaki na yenyewe, hata kwa kazi ya nyumbani unapolala kwa mwajiri. Wasichana wanaoletwa kutoka ng'ambo ya mpaka kufanya kazi za ndani ndio wanaoumizwa zaidi na jambo hili, na nawaomba wenyeji watakaosoma hapa wawe macho kwa niaba yao.

Sijui Kijaluo. Kiswahili kinatosha?

Kinatosha kwa kazi na ofisi. Hata hivyo jifunze maneno machache siku ya kwanza: "oyawore" kwa salamu ya asubuhi, "tich" ni kazi, "ot" ni nyumba, "adi" ni kiasi gani, "erokamano" ni asante. Mama anayekodisha vyumba Nyalenda akiulizwa bei kwa Kijaluo kibovu hucheka, na akishacheka mazungumzo huwa mengine.

Watoto wangu wataruhusiwa shuleni?

Ndiyo. Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, bila kutaja uraia. Shule zitataka cheti cha kuzaliwa, kwa hiyo kibebe kutoka nyumbani, na ujiandae kwa gharama za sare na chakula cha mchana.

Je, ni afadhali niende Nakuru?

Kwa anayetaka kazi za mashamba ya maua, kaunti ya Nakuru ina nafasi zaidi, hasa Naivasha. Vyumba vya bei ya chini mjini Nakuru viko Kaptembwa na Rhonda. Lakini kuhama kunamaanisha dipoziti ya pili na majirani wapya, kwa hiyo pigia simu mtu aliyeko huko kabla ya kufunga mizigo.

Mwenye nyumba amefunga mlango wangu kwa kufuli lake, au mwajiri amekataa kunilipa. Niende wapi?

Kwa nyumba ambayo kodi yake ya kawaida haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba inamzuia mwenye nyumba kukutoa bila amri ya baraza linalosikiliza kesi hizo. Anza kwa mzee wa mtaa na chifu, kwa kuwa kufuli nyingi hufunguliwa hapo siku hiyo hiyo. Kwa dipoziti iliyozuiliwa, ipo Mahakama ya Madai Madogo, inayoshughulikia madai yasiyozidi shilingi milioni 1 na ambayo unaweza kuifikia bila wakili.

Kwa mshahara, nenda kwa afisa wa kazi. Huduma yake hailipiwi, na yeye ndiye atakayemwita mwajiri. Asipofaulu, Kisumu kuna Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, na madai yanayotokana na mkataba wa kazi hufunguliwa ndani ya miaka 3. Utakachoulizwa kwanza ni uthibitisho, na hapo ndipo wageni wengi hukwama kwa sababu walilipwa mkononi. Kwa hiyo nunua daftari dogo siku unayoanza kazi. Kila jioni andika tarehe, mahali, jina la msimamizi na ulicholipwa. Nilimsindikiza kijana mmoja aliyedai siku za mjengo, naye msimamizi wake akakana hata kumfahamu. Afisa alilifungua daftari lililokuwa na madoa ya saruji, akaanza kuhesabu mistari kwa ncha ya kalamu. Alipofika mstari wa arobaini na moja, msimamizi aliomba wazungumze nje.